Kuku wa Ndani ya Kopo

Nakumbuka mlio kwanza, mwanangu. Kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anakwangua bati kwa kijiko, ukitokea nyuma ya pazia la stoo ya Mzee Awadhi kule Temeke. Nilikuwa nimesimama dukani kwake kati ya magunia ya mchele, sijaona kitu bado. Nilijua kinachozungushwa kule ndani ni kuku wangu.

Ngoja nikueleze, maana wewe umezaliwa simu zikiwa na kila kitu. Mzee Awadhi alikuwa mwenye duka kama baba yake na babu yake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye michoro inayotembea. Alichukua kopo kubwa la samli, akalisimamisha juu ya msumari ili lizunguke, akachana mianya myembamba kwenye ukingo wake. Ndani, chini ya mianya, alipanga picha alizochora kwa mkono, kila moja imesogea kidogo kuliko iliyotangulia. Ukilizungusha kopo na kuchungulia, picha zinaungana, na mtu wa penseli anatembea. Humo ndimo alimojaribu michoro yake kabla haijapigwa picha kwa kamera, mmoja mmoja, kwa filamu fupi za kufundisha usafi.

Nilikuwa na umri kama wako. Baba aliniruhusu nitoke Njombe nije kwa shangazi kujifunza kazi hiyo, kisha akachoka kusubiri. Siku hiyo kaka yangu Elia alikuwa amekuja kunirudisha. Alikaa kwenye benchi la duka, tiketi za basi mfukoni, begi langu kati ya miguu yake. Mzee Awadhi akinipa kazi kabla ya jioni, nabaki. Asiponipa, naondoka. Na kazi angenipa kama ningemfanya kuku wa penseli atembee.

"Njoo uone, binti," Mzee akaniita.

Nikapita pazia, nikachungulia koponi, na Elia nyuma yangu. Kuku hakutembea. Alitetemeka. Mkia ulivimba na kunywea, mguu ukaruka mahali pasipo pake.

"Ana homa huyu," Elia akasema. "Mchinjeni tu."

Mzee hakucheka. "Umechora kuku wengi, binti, na kila mmoja mzuri. Mie nilikuomba kuku mmoja."

Uso uliniwaka. Meza yake ilikuwa kioo cha dirisha kilicholazwa juu ya sanduku, balbu chini yake, na misumari miwili pembeni. Karatasi zilitobolewa matundu ili zivishwe kwenye misumari hiyo. Mpya inalala sawasawa juu ya ya zamani, mwanga unapenya, unaona mguu ulikuwa wapi. Lakini misumari ilinizuia kugeuza karatasi nitakavyo, basi nikawa nazivua na kuchora kila moja peke yake. Shuleni nilizoea kusifiwa kwa picha za kutundika ukutani, wala sikujua kwamba sifa hizo ndizo zingeniponza.

"Mchana bado upo," akasema. "Anza upya."

Nikaanza, na umeme ukakatika. Mzee akashusha kioo cha kujitazamia ukutani, akakilaza sakafuni penye jua la dirishani, akakiinamisha mpaka mwanga ukapanda chini ya meza. Karatasi zikang'aa. Lakini kila wingu lilipopita, kuku wangu alipotea, nami nikabaki na penseli hewani nikimsikiliza Elia akikohoa dukani.

"Basi halinisubiri, mdogo wangu," akasema kupitia pazia.

"Nakuja, kaka."

"Usije. Maliza kwanza hilo likuku lako."

Manyoya niliyaacha yote. Nilichora mwili, mdomo na miguu, basi. Kila mara nilifunua karatasi ya juu nikaangalia ya chini, nikafunika, nikavuta mstari. Mkono ulitoka jasho hata nikawa naufuta kwenye gauni.

Mzee alizipanga picha ndani ya kopo, ila hakuchungulia. Alimwita Elia. Kaka yangu akainama, akafumba jicho moja. Kopo likazunguka. Akalizungusha tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Anakwenda wapi huyu?" akauliza.

Mzee akanigeukia. "Kesho uje mapema, binti."

Elia alilisukuma begi langu kwa mguu mpaka karibu yangu. "Sasa Baba nitamwambia nini? Kwamba dada kabaki Dar kwa sababu ya kuku?"

"Mwambie anatembea," Mzee akasema.

Mwanangu, leo unakwenda mjini kuonyesha michoro yako, na nimekuona tangu alfajiri unafuta na kupamba uso mmoja tu kwenye hiyo tableti. Sikwambii usiogope, mie niliogopa mpaka mwisho. Nakwambia usiupende mchoro mmoja hata ukausahau uliotangulia na unaokuja. Wakikuonyesha kosa, usilitetee kwa sababu limependeza. Anza upya wakati mchana bado upo. Na unapoishi na watu ni hivyohivyo: kabla hujafanya la leo, funua uangalie la jana.

Mungu akutangulie kutoka hapa Chanika mpaka huko uendako. Akupe jicho tulivu na watu wenye subira. Mkono wako usitetemeke, na ukitetemeka, usikuzuie kuchora.

Nilikuwa na neno jingine, lakini umeshavaa viatu, umeshaniinamia kunibusu, na mlango umeshafungwa nyuma yako.