Ugonjwa Wangu wa Vumbi

Majina sitayataja, maana wengine bado wazima na wengine koo zetu zimeoana. Vyeo nitavitaja. Wa kwanza kuniumiza ni meneja. Wa pili ni katibu wa kamati ya wafanyakazi. Wa tatu ni sisi wenyewe, kwa kupiga makofi.

Shamba letu la mkonge lilikuwa nje kidogo ya Kilosa, upande wa kwenda Mikumi. Lilikuwa limetaifishwa juzijuzi tu, mzungu kaenda zake. Mimi nililisha korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Ilikula vidole vya watu, lakini usingizi nilikuwa nao.

Meneja mpya alikuwa mwenzetu, msomi. Mashine ikifa hakushtuka. Aliogopa kitu kimoja: mgeni wa serikali amkute hajajiandaa. Basi akanipandisha juu ya tangi la maji na debe tupu na kirungu. Nikiona vumbi barabarani, nigonge. Hapo yeye avae viatu, akina mama waanze kuimba, na waliolala juu ya mabunda ya katani waamke wajenge taifa.

"Mgeni akinikuta hivihivi, ndugu, utarudi kwenu na godoro kichwani," aliniambia.

Kiangazi cha huku kila kitu ni vumbi. Lori, vumbi. Ng'ombe wa wafugaji, vumbi. Nikigonga bure natukanwa kwamba nachosha umma. Nisipogonga, godoro. Mwezi wa pili moyo ulianza kunidunda hata nikiwa nimelala. Mama watoto akifagia uani, mimi naruka kutoka kwenye kigoda.

"Baba, ni ufagio! Kaa ule!"

Kule zahanati dakta alinipima, akasema homa sina, akanipa klorokwini za malaria. Ndizo zilizokuwepo.

Nikamwendea katibu, mtetezi wetu.

"Ndugu katibu, naomba nirudi kwenye korona. Kichwa kitaharibika."

"Wewe umekaa juu unapigwa upepo, halafu unaumwa? Wenzako wanakatwa vidole, kimya! Huo ni ugonjwa wa mabwanyenye."

Akalipeleka mkutanoni. Ikapitishwa kwa makofi kwamba mimi si mgonjwa. Na mimi nikapiga.

Siku moja akaja bwana afya wa wilaya, mzee wa makamo, kuuliza maradhi ya wafanyakazi. Gari lao lilikuwa bovu, kaja na baiskeli, kakata njia katikati ya mkonge. Baiskeli haina vumbi. Alimkuta meneja miguu ndani ya beseni.

Wenzangu wakakusanywa chini ya tangi. Meneja akasema wafanyakazi wake wana furaha tupu. Bwana afya akainua macho.

"Yule juu ya tangi?"

"Fundi wa maji, mzee."

Nikaitwa chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba.

"Tangi lina nini, fundi?"

Meneja ananitazama. Katibu ananitazama. Godoro langu nililiona kabisa, na kichwa changu nikakiona pia, nikachagua.

"Tangi zima, mzee. Mbovu mimi. Niliwekwa nikuchungulie wewe, na hata wewe nimekukosa."

Watu walicheka mpaka wakaona uso wa meneja. Bwana afya hakucheka. Alinishika mkono, akasikiliza mapigo muda mrefu, kisha akaandika: huyu ashuke leo, apewe kazi nyepesi.

"Naam, mzee," akasema meneja.

Kesho yake nikapewa kazi nyepesi: kukata mkonge kipande cha mwisho kabisa cha shamba. Miiba ilinitoboa, mgongo umepinda mpaka leo. Lakini nililala.

Tangini wakapandishwa wawili, mmoja wa magari, mmoja wa baiskeli. Mwezi haujaisha, huyu wa baiskeli alinifuata huko nilikokuwa nakata, akaniuliza kwa sauti ya chini nilitibiwa na dakta gani.

"Dakta hana dawa yake," nikamwambia. "Sema mbele za watu."

Akatazama huku na huku, akarudi kupanda tangi.