Mahindi Yaliyonuka Taa

Vita vilipoanza huko Ghuba, kati ya nchi mbili zinazochimba mafuta, nilikuwa nachambua maharage nje ya nyumba yetu ya Mutuka. Mume wangu alitoka ndani amekumbatia redio, uso umemsawajika.

"Mama watoto," alisema, "wameanza kupigana. Mafuta ndiyo basi tena."

Nikamwambia mafuta yalishakwisha zamani, hata kabla ya vita vyao. Hakucheka.

Hakuwa peke yake. Nilipokwenda mjini Babati kusaga, nilikuta watu wamesimama vikundi vikundi kama msibani. Vita vyetu wenyewe, vya Uganda, vilikuwa vimetuacha juzijuzi tu, madukani hakuna sabuni wala sukari. Tuliambiwa tufunge mkanda, tukafunga mpaka matundu yakaisha. Sasa vita vingine tena, vya watu ambao hata miji yao hatukuweza kuitaja! Mwenye mashine alituambia, "Akina mama, sageni leo. Kesho sijui kama dizeli itakuwepo." Mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akaanza kulia, na wala hakuwa na ndugu yeyote huko Ghuba. Nilishtuka kuona nami machozi yananilengalenga.

Haikupita muda, balozi wa nyumba kumi akapita akitangaza kwamba mgambo watakagua nyumba. Atakayekutwa na mafuta ya taa zaidi ya yale ya kibatari chake atahesabiwa mlanguzi. Mume wangu alimsikiliza kwa adabu zote. Kumbe alikuwa ameshatoa mbuzi wetu mmoja, akapewa dumu zima la mafuta ya taa. Mimi aliniambia mbuzi kaliwa na fisi, na mimi nikamsikitikia mbuzi.

Kwetu sisi tulioshuka kutoka milima ya Mbulu, kihenge, lile ghala la kusukwa la mahindi, ni cha mwanamke. Mama mkwe alinikabidhi changu nilipoolewa, akaniambia mwanamume anayejiheshimu hachungulii humo. Akitaka mahindi, ataomba. Mgambo nao ni watoto wa akina mama hao hao. Wangepekua uvungu wa kitanda, wangefunua mikeka, lakini kuzamisha mkono kwenye kihenge cha mama wa watu wangeona aibu. Aibu hiyo ndiyo mume wangu aliyoitegemea. Jumapili moja alisema tumbo linamuuma, akabaki nyumbani sisi tulipokwenda kanisani. Akafukua mahindi, akalilaza dumu humo, akalifukia. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea, hivyo akaziba mdomo kwa gunzi alilolizungushia nailoni. Haya yote niliyajua baadaye.

Mgambo walikuja kweli. Wakaniamkia "shikamoo mama", wakapekua kila mahali, wakakipita kihenge bila kukitazama. Mume wangu alisimama mlangoni anatabasamu, nami nikashangaa mtu anafurahia nini kupekuliwa.

Kisha siku moja mtoto wetu mdogo akarudisha tonge kwenye sahani. "Mama, ugali unanuka taa."

Nilimfokea. Nikamwambia wako watoto hawana hata huo. Lakini nilipoonja, ulinuka kweli. Nikadhani nilishika kibatari kabla ya kusonga. Nikasugua sufuria kwa majivu, nikaosha mwiko, nikapika upya, na harufu ikazidi. Ndipo nikapanda juu ya kigoda, nikazamisha mkono kihengeni hadi begani, nikagusa kitu laini ambacho si mahindi.

Dumu lilitoka jepesi. Gunzi lilikuwa limelowa likaporomoka vidoleni mwangu. Mafuta yote yalikuwa yameshuka chini, punje kwa punje, mpaka kwenye sakafu ya kihenge. Nilikaa chini.

Mume wangu alipofika nilikuwa nimeyamwaga mahindi uani, nimeyaosha, nimeyaanika juani. Kuku walidonoa kidogo, wakafuta midomo yao ardhini, wakaondoka.

"Baba watoto," nilimwambia, "hiki ndicho chakula cha wanao mpaka mavuno."

Alipiga magoti akaanza kunusa, konzi baada ya konzi, akitafuta lililopona. Mtu mzima yule, aliyekuwa akinitajia miji ya Ghuba wakati wa kula kana kwamba wakwe zake wanaishi huko! Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakukaguliwa na mgambo. Tungeomba mahindi kwa majirani, wangeuliza yetu yamekwenda wapi, maana wao wenyewe ndio walikuja kutusaidia kuvuna wakaona kihenge kinajaa. Kuwaambia ukweli kungekuwa kujipeleka wenyewe kituo cha polisi. Tukanyamaza. Tukala maboga, tukala viazi, kuku wakaishia sokoni. Watoto nikawafundisha waseme nyumbani tumeshiba.

Vikabaki vibunzi vya mahindi tuliyotenga kwa mbegu, vilivyoning'inia juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu dumuzi. Siku mtoto mdogo alipoanguka njiani akitoka kuteka maji, mume wangu alivishusha mwenyewe. Hakuniuliza, nami sikumzuia. Tukakaa tunapukuchua, yeye upande wake, mimi upande wangu, na watoto wanatutazama mikono.

Mvua za kwanza zilinyesha usiku. Asubuhi Mutuka yote ilikuwa imetoka na majembe. Jirani yangu alisimama njiani, akaniita kwa furaha, "Mama, vipi, leo hamtoki kupanda?"

Nilimwitikia kwamba tunakuja. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma ya mlango, jembe mapajani, hana cha kupanda.