Bustani ya Kukaa na Mkwe

Mama alituma salamu kutoka Misungwi kwamba Jumapili anakuja Mwanza kumwona mchumba wangu. Baba alikuwa ameshasema: mama akirudi na neno zuri, posa ipokelewe, akirudi amenuna, nisahau. Nami nilikuwa nimefika pabaya. Nilimpenda yule kijana wa kiwanda cha nguo Nyakato mpaka hamu ya kusoma ilinitoka, na ualimu wenyewe ndio kwanza nilikuwa nausomea Butimba.

Shida ilikuwa mahali pa kuwakutanisha. Bwenini wanaume hawaingii, na chumbani kwake mama asingekanyaga kabla ya posa. Zikabaki bustani. Kwetu Wasukuma, mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe, wala hatafuni mbele yake. Kwa hiyo Jumamosi nzima nilizunguka mjini nikikagua bustani, tena si maua, mabenchi.

Ya katikati ya mji ilipendeza kupindukia, wapiga picha wanagombea maharusi na kila hatua kibao cha kukataza kukanyaga majani. Lakini aliyepanga mabenchi yale nadhani hakuwa na wakwe. Yote yalizunguka kibwawa kisicho na maji, yakitazamana kama wazee wa baraza. Nikaondoka.

Ya pili ilikuwa ufukweni, mpya kabisa. Miaka ile ya soko huria kila mwenye kiwanja alinunua viti vya plastiki na miavuli, akaandika "Gadeni" getini, biashara ikaanza. Muziki juu, soda za kopo kutoka nchi nisizozijua, chipsi kuku. Meza moja, viti vinne: mkikaa tu mmeshatazamana, na usipoagiza chakula mhudumu anakununia.

Ya tatu haikuwa na geti wala jina. Nyasi tu, zinashuka hadi ziwani, na katikati jiwe lililopita kimo cha mtu. Nililizunguka mara mbili. Mama upande huu, mchumba upande ule, mimi pembeni nawaona wote. Nikajisifu kwa sauti.

Jumapili mambo yalianza vizuri.

"Shikamoo mama," likasema jiwe.

"Marahaba, baba. Za kwenu?"

Mama akauliza ukoo, akauliza kazi, akauliza pombe. Majibu yalikuja kwa adabu. Akafungua kikapu, akanipa viazi vitamu vya kuchemsha nimpelekee. Nikapeleka, nikarudi kukaa, roho imetulia.

Kumbe kenge alikuwa ametoka majini kuota jua, na alichagua upande wa mchumba wangu. Mwanaume akalizunguka jiwe mbio, akasimama hatua mbili mbele ya mama, shavu limevimba kwa kiazi.

Mama akajitupia khanga usoni. Yeye akafumba macho palepale. Hawezi kurudi, hawezi kutafuna. Nikajua ndoa imekufa, na kenge ndiye aliyeiua.

Kisha khanga ikaanza kutikisika. Mama alikuwa anacheka.

"Mwambie ameze, atapaliwa."

Akameza. Halafu akageuka, macho bado kayafumba, akaanza kurudi alikotoka akipapasa jiwe kwa mkono. Kenge bado yuko kule. Alilijua hilo, na bado alikwenda. Mama alikuwa anachungulia kwenye pindo la khanga, nilimwona.

"Mzuie," akaniambia. "Akae hapo hapo, anipe mgongo. Kenge hana mkwe, hatamwelewa."

Njiani kwenda stendi aliulizia masomo yangu tu, nami niliogopa kumwuliza ameamua nini. Alipoketi ndani ya basi ndipo akainama dirishani.

"Mwoga," akasema.

Machozi yakanilenga.

"Mwoga kweli kweli. Lakini alikuwa anarudi kwa kenge ili asinivunjie heshima. Mwambie aje na wazee wake kabla ya mvua. Baba yako niachie mimi."