Mshikio wa Kigari

Watu walimwita Fundi Spoku, kwa kuwa alinyoosha ringi za pikipiki na baiskeli tangu ujana mpaka macho yalipomgomea. Jina la kwenye kitambulisho alikuwa nalo, lakini akiitwa kwa hilo aligeuka nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Alikuwa na pikipiki moja tu, nyeusi, ya zamani, yenye kigari cha abiria ubavuni. Aliinunua ikiwa mifupa mitupu kwenye banda la kuku, akahangaika nayo mwaka mzima. Siku ilipowaka, mkewe alitoka jikoni na unga mikononi, akaingia kwenye kigari, akakaa.

"Twende wapi?" Spoku akauliza.

"Kokote. Mwaka mzima umeshinda na hiki chuma. Leo na mimi nione faida yake."

Alikaa humo miaka thelathini na moja. Mbele ya kiti palikuwa na mshikio wa kromu. Kila walipoingia shimoni aliukamata kwa nguvu, na pete yake ikaukwaruza. Mwishowe pakatokea alama, upana wa kidole, kromu imekwisha, chuma kinaonekana. Kila Jumamosi Spoku aliing'arisha pikipiki kwa kitambaa laini, ila pale hakupagusa.

"Hapo ni pangu," mkewe alimwambia. "Ukipang'arisha nashuka."

Kila mwaka waliipeleka kwenye maonyesho ya magari na pikipiki za kale. Spoku alisimama kando yake kama bwana harusi. Mkewe alibaki ndani ya kigari akifukuza wenye vidole vya mafuta. Na kila mwaka waliikatia bima kwanza, maana bila karatasi ya bima getini hupiti. Mkaguzi wa bima alikuja, akaizunguka, akaandika. Spoku hakujua kusoma. Mkewe ndiye aliyemsomea.

"Wamesemaje?"

"Wanasema pikipiki nzima. Mwenyewe ndiye anatoa moshi."

Spoku alicheka, akaweka dole gumba. Hakuuliza zaidi.

Mkewe alifariki mvua zilipoanza. Homa ya siku nne tu. Spoku akaifunika pikipiki turubai na hakuifunua tena. Miezi saba ikapita.

Bintiye akaja kukaa naye.

"Baba, maonyesho yamekaribia."

"Yakaribie."

"Mama angekuwepo ungemjibu hivyo?"

Hilo lilimpata. Akasema basi, amwite mkaguzi.

Binti akatoa faili la bima, akasoma karatasi ya mwaka uliopita kimyakimya. Karibu na mwisho palikuwa na mstari mmoja: kasoro, mshikio wa kigari umechubuka. Akaona amepata cha kumfurahishia baba. Spoku alipokwenda kupimwa macho, akafungua skrubu mbili, akaupeleka mshikio kwa wapaka kromu. Baada ya siku tatu akaurudisha chini ya turubai, asimwambie.

Jumamosi Spoku akafunua. Alianza na tangi, akashuka kwenye ringi, akazunguka upande wa kigari. Akasimama. Mshikio ulimwonyesha uso wake mwenyewe, mrefu, umepinda.

Binti alikuwa mlangoni, anatabasamu. "Umeonaje, baba? Ile kasoro nimeiondoa."

"Kasoro gani?"

"Ya mshikio. Imeandikwa kwenye bima. Mama hakukusomea?"

Spoku akapitisha kidole juu ya mshikio, mwanzo hadi mwisho, kisha akakirudisha. Hakikukwama popote.

"Ule ulikuwa mkono wa mama yako," akasema.

Binti akakaa kizingitini. Akalia. Spoku angeweza kumgombeza. Hakuwa na nguvu hizo. Akaenda akakaa naye.

"Hukujua, mwanangu. Mimi mwenyewe sikujua kama waliandika."

Jumatatu akaja mkaguzi, yule yule wa miaka yote. Akatoa pole. Akaizunguka pikipiki, akainama, akanyanyuka.

"Mwaka huu safi kabisa, Mzee. Kasoro hakuna."

"Andika ile ya zamani. Ya mshikio."

"Mbona haipo tena? Wenzako hunisumbua niwafutie kasoro, wewe unataka nikuongezee? Nikiandika kisichokuwepo nafukuzwa kazi, Mzee wangu."

Spoku akafikiri. "Kitu kilichoandikwa humo kikipotea, bima hailipi?"

"Inalipa kilichoharibika. Hiki kimetengenezwa."

Mkaguzi akamtazama binti. Binti akatazama sakafu. Kisha mkaguzi akafungua mkoba, akapekua, akatoa karatasi ya mwaka uliopita.

"Mimi nilitaka kuiacha hii kasoro," akasema. "Mchubuko wenyewe mdogo. Mama ndiye aliyekuwa akinisimamia kila mwaka. 'Iandike,' anasema. 'Ndiyo mali yangu kwenye hii pikipiki.'"

"Hakunisomea," Spoku akasema.

"Alisema ukijua utamcheka."

"Ningemcheka," Spoku akasema. "Kweli ningemcheka."

Akaweka dole gumba kwenye karatasi mpya, ile isiyo na kasoro, kisha akanyoosha mkono kuomba ile ya zamani. Mkaguzi akampa, ni nakala tu.

"Huo mstari uko wapi?"

Mkaguzi akamwonyesha. Spoku akauwekea kidole, asije akaupoteza.

"Na maonyesho, baba?" binti akauliza, mkaguzi alipokwisha kuondoka.

"Kigarini atakaa nani?"

Binti akaifunika pikipiki turubai mwenyewe, taratibu, akaanzia upande wa mshikio. Spoku alibaki kwenye kigoda, karatasi magotini, kidole pale pale kwenye mstari asioweza kuusoma.