Gari Lililorefuka Bandani

Usiku kucha niliikalia simu kama kuku aliyeatamia. Kifungua mimba wetu alikuwa ameshikwa na uchungu kwenye zahanati ya mlimani, ambako njia ni mawe na tope na gari dogo halifiki. Baba yake wala hakuwa na wasiwasi. Alikuwa bandani, chini ya gari lake kuukuu la porini, anapiga mluzi.

"Nimeweka springi ndefu na matairi makubwa," alisema. "Safari hii halikwaruzi tumbo."

Mume wangu ni mtunza stoo, si fundi. Ufundi wake ni wa kufungua. Kufunga humwachia Mungu. Nimewahi kukuta plagi za gari kwenye bakuli la sukari, nikaambiwa zinakauka.

Asubuhi muuguzi alipiga simu. Mtoto wa kike, mama mzima, njooni muwachukue, kitanda kinahitajika. Mume wangu akawasha gari. Likasogea kidogo, kisha paa likagonga boriti ya mlango wa banda.

Mume wangu akashuka, akaitazama boriti.

"Lilipoingia lilipita," alisema.

"Na ulipolirefusha, mlango uliuambia?"

"Nitabomoa hapo juu kidogo tu."

"Hapo juu pamebeba chumba cha mama yako. Hata kaburi hupimwa, baba watoto, sembuse gari."

Jirani yetu muuza mkaa, mwanamke wa miraba minne, alikuwa ameshachungulia. "Shemeji, punguza upepo kwenye matairi, sisi tupande. Miaka yote mnanicheka mwili, leo mtaniomba."

Akapanda, na mama mkwe akapandishwa kando yake. Matairi yakalegea, springi zikalia, gari likazama. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama paa na boriti. Kati yao pangepita kijiko.

"Taratibu."

"Naenda taratibu."

"Taratibu kuliko hiyo."

Likatoka, likiacha rangi yake kwenye boriti. Baada ya hapo ikawa kazi ya kujaza upepo kwa pampu ya mkono, zamu kwa zamu, binti yangu akisubiri huko juu na kichanga. Mume wangu akaanza kunieleza ubora wa zile springi.

"Ukizitaja tena," nilimwambia, "utapampu peke yako."

Mlima lilipanda, siwezi kumnyima haki yake. Halikukwaruza popote. Lakini njia nzima nilishikilia kiti kwa mikono miwili, nikisikiliza kila mlio na kujiuliza ni kipi alichosahau kukaza.

Muuguzi alimtoa binti yangu hadi nje, akitembea kidogo kidogo, mtoto kifuani. Mume wangu akawahi kumfungulia mlango wa gari, kwa mbwembwe, kama dereva wa waziri. Sakafu ya gari ilimfika binti kiunoni.

Akaitazama. Akamtazama baba yake.

"Baba, mimi nimeshonwa. Napanda vipi?"

Mume wangu alibaki ameshika kitasa, mlango wazi kabisa, kisha akamgeukia muuguzi na kuuliza kwa upole kama zahanati ina meza ya kuazima.