Nati Nne za Daraja la Meli

Nakumbuka siku niliyomwibia Mzee Masalu huku anakula chakula nilichompelekea mimi mwenyewe. Kila nikiikumbuka hasira inanipanda, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu.

Mwanangu, pale bandarini tulipokulia palikuwa na daraja la reli lisilofanana na mengine. Upande mmoja lilishikwa nchi kavu. Upande wa pili liliinuliwa na kushushwa kwa gurudumu la mkono, mpaka reli zake zilingane na reli za ndani ya meli, ndipo mabehewa yaingie. Ziwa halikai kimo kimoja. Leo limejaa, kesho limepungua, na daraja lazima lilifuate. Mwenye kulizungusha alikuwa Mzee Masalu. Kila asubuhi alipita akigusa nati moja moja kwa mkono mtupu, akizihesabu kwa Kisukuma. Sisi wasichana tulimcheka.

"Shikamoo babu. Leo zimezaa ngapi?"

"Marahaba. Zimezaa mjinga mmoja, huyu hapa amesimama mbele yangu."

Baba yangu alikuwa mvuvi. Nyavu zake alizizamisha kwa mawe ya kufunga na kamba, na mawe huponyoka. Wenzake walikuwa na vyuma. Basi mimi, miaka kumi na minne, nikajiona nina akili. Nikampelekea mzee uji na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Alipokaa kula akinipa mgongo, nikachukua spana yake mwenyewe, nikafungua nati nne upande wa majini. Baba nikamwambia nimeziokota. Hakuuliza mara mbili, na hilo nalo linaniudhi.

Kesho yake meli ikatia nanga, mabehewa yenye pamba ya Magu yamepangwa yanangoja. Mzee akapita na mkono wake. Akasimama. Akasema daraja halipitishi kitu.

Msimamizi akamfokea mbele ya wapagazi. "Umezeeka, Masalu. Jana ulihesabu nini, vidole vyako?"

Wakacheka wote. Mzee akajibu, "Jana zilikuwepo." Mimi nilikuwa pale pale, nimekuja kuchukua bakuli langu. Nikalichukua, nikaenda zangu. Jioni alinyang'anywa spana, akapewa ufagio.

Akafagia siku nane. Siku ya nane akaja ufukweni tukianua nyavu. Akainama, akaishika nati moja, akaigeuza kiganjani. Baba alikuwa mbali kidogo. Nikajua sasa atamwita baba. Mzee akaniangalia mimi.

"Nilijua ziliko tangu siku ile. Spana yangu niliikuta imelazwa kushoto. Anayetumia kushoto pale ni wewe peke yako."

"Mbona hukusema, babu?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nati zilipotea siku moja, binti. Wewe umepotea siku nane."

Nikaenda kwa msimamizi, nikasema yote. Alinisikiliza huku anakunywa chai. "Kazi imeshapata mtu," akasema. Basi. Ukweli wangu ulikuwa uji uliofika mgonjwa ameshazikwa. Mzee Masalu alimaliza utumishi wake na ufagio mkononi, na hakuna aliyemwomba radhi.

Sasa sikiliza. Juzi, nyuma ya nyumba yangu hapa Buswelu, nimekuta gunia la bolti na nati za reli. Mjukuu wangu Kulwa, mtu mzima mwenye ndevu, anakusanya vyuma chakavu. Nikamuuliza kavitoa wapi.

"Kwenye daraja la zamani la reli, bibi. Limelala tu pale."

"Halina mlinzi?"

"Linaye. Tena kapewa barua ajieleze, wanasema anasinzia kazini." Akacheka.

Kicheko kile nilikijua. Kilikuwa cha wale wapagazi. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja kweli, na gunia begani.

Asubuhi yake Kulwa alilibeba mwenyewe. Bodaboda nilimkatalia. Alitangulia, mimi nyuma na fimbo, mpaka ofisini kwa wakubwa wa yule mlinzi. Akatua mzigo, akasema, "Ni mimi. Huyu baba hakusinzia." Mlinzi akakaa chini kwenye kokoto, akajifuta uso kwa kofia yake. Barua yake wakaichana mbele yetu. Kulwa wamemwandikia ya kwake, na aibebe.

Mwanangu, usiniambie kitu kimelala tu. Kila chuma unachokiona kina mtu anayekijibia, na ukikichukua umemchukua na yeye. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mficha kosa humuumbua jirani kwanza. Ukikosea, sema leo, kabla mwingine hajashikishwa ufagio uliokuwa wako.

Mungu akujalie mkono usiogusa cha mtu. Na siku ukikushinda, akujalie mdomo usiongoja siku ya pili.