Msimu wa Dola ya Tano

Shamte wa ghala la korosho pale Rutamba alikuwa mtu wa kupima. Mchana alipima magunia kwenye mizani ya chama cha ushirika. Jioni aliwasha kompyuta yake kuukuu akacheza Dola, ule mchezo wa kujenga miji na kupanga majeshi. Hata humo hakuwahi kumvamia mtu kabla maghala yake hayajajaa pomoni. Rafiki yake Nurdin, fundi baiskeli, alikuwa akimteka kila mara, mwenzake bado anahesabu mtama.

Dola ya Nne ilitoka miaka minane iliyopita. Ya Tano itatoka lini? Hapo ndipo Shamte alipogeuka shehe. Toka ya kwanza hadi ya pili ilipita miaka mitatu, alisema, hadi ya tatu minne, hadi ya nne mitano. Basi ya tano itachukua sita. Sita ikapita, saba ikapita, na hesabu yake haikutikisika. Waliokosea, alisema, ni watengenezaji. Nurdin alishikilia kwamba wameishiwa na Ya Tano haiji ng'o.

Ubishi wenyewe haukuwa na neno, kama si Zakia. Zakia alikuwa na steshenari jirani na ghala, na ndiye aliyechapa fomu za chama. Shamte alimpenda mwaka wa tatu sasa, na Rutamba nzima ilijua, maana fomu ambazo angeweza kuzituma zote kwa mkupuo alizipeleka mwenyewe, moja moja. Siku moja Zakia akamuuliza, "Kaka Shamte, hizi fomu zitaisha lini?"

Jamaa akababaika. Akasema, "Dola ya Tano ikitoka tu, naleta barua ya posa."

Jamani! Mwanamume mzima, ndoa yake kaifunga kwenye mchezo wa kompyuta. Alijuta kabla hajavuka kizingiti. Zakia hakununa, alimwita arudi, akamwambia amtajie jina la huo mchezo vizuri, akaliandika.

Mwezi wa sita likatoka tangazo. Shamte alisoma kichwa chake kwenye simu, simu yenyewe ikiwa imekitafsiri kutoka Kiingereza: "Dola inarudi msimu ujao." Hakusoma zaidi. Alikimbia hadi steshenari.

Sasa watu wa huku ukiwatajia msimu hawakuulizi msimu wa nini. Msimu ni korosho. Zakia, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri, alilisoma tangazo lote kwenye kompyuta yake, akalifunga. "Haya," akasema. "Msimu. Nitamwambia mjomba." Kwao mjomba ndiye mwenye kauli.

Mikorosho ikatoa maua, ikazaa, magunia yakaanza kuingia ghalani. Dola ya Tano, kimya. Shamte alichungulia simu kila gunia lilipotua kwenye mizani, maana ahadi aliiweka yeye mwenyewe.

Ndipo Mjomba Musa alipoleta gunia lake la kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mzee aliitazama mizani mpaka mshale ukatulia. "Naona msimu umefika, baba. Zakia aliniambia kuna barua. Kuna pia mtu wa Lindi anamuulizia. Nimemwambia asubiri kwanza."

Shamte alifungua mdomo aeleze kwamba mchezo haujatoka. Akajisikia mwenyewe jinsi atakavyoonekana, mbele ya mzee wa watu na gunia lake. Aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa kumkosa Zakia.

"Ipo, mjomba," akasema. "Inakuja Ijumaa."

Mshenga alikuwa Nurdin. Alicheka njia nzima, lakini kanzu aliipiga pasi. Harusi ikafungwa korosho za mwisho zikiwa bado ghalani.

Mwezi mmoja baadaye Shamte alikuwa kwake, ameshiba, ametulia, anapiga hesabu upya. Pengine mwakani, alisema, maana mchezo uliotangazwa umechelewa tu.

Zakia alikuwa akimenya mihogo. "Lile tangazo lilihusu mashindano ya Dola ya Nne. Ya Tano hawakuitaja hata kidogo."

Shamte akamkodolea macho. "Umejua lini?"

"Siku ileile uliyoniletea. Ningekuambia, si ungerudi kwenye kupima?"